Kwenda Namugongo kwa Miguu: Mwongozo wa Hujaji

Hija ya Namugongo ni safari ya ibada inayowapeleka Wakristo, Wakatoliki kwa Waanglikana, mahali ambapo kundi kubwa zaidi la mashahidi wa Uganda lilichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda. Mahali hapo pako kaskazini-mashariki ya Kampala, kiasi cha kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, na kila mwaka tarehe hiyo, ambayo nchini Uganda ni sikukuu ya taifa, hufurika waumini waliotoka kila pembe ya Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na hata nje ya Afrika. Wengi husafiri kwa mabasi, lakini wapo pia wanaoshika njia kwa miguu siku nyingi kabla, wakilala katika parokia za njiani na kuingia Namugongo mwishoni mwa Mei au siku za mwanzo za Juni. Mwongozo huu unawahusu hao wa miguu, hasa wanaovuka mpaka wa Busia kutoka Kenya na wanaovuka mpaka wa Mutukula kutoka Kagera, ingawa mengi ya yanayosemwa hapa yatamfaa pia anayetoka Kigali, Kasese au Mbarara.

Anayetaka kujiandaa vema hana budi kwanza kujua njia hii inakumbuka nini. Mashahidi wanaoheshimiwa ni 45, Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23, na wengi wao walikuwa vijana waliotumika katika jumba la kabaka. Hukumu ya kundi kubwa ilitolewa Munyonyo, karibu na Ziwa Viktoria, tarehe 26 Mei 1886, na kutoka hapo waliohukumiwa wakaswagwa kwa miguu, wakiwa wamefungwa, hadi Namugongo, palipokuwa pakitekelezwa hukumu za kifo. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa Ttaka Jjunge siku hiyo hiyo, na kesho yake Atanazi Bazzekuketta akauawa Nakivubo, naye Gonzaga Gonza, ambaye vifungo vilikuwa vimemuumiza miguu hata akashindwa kuendelea, akauawa kwa mkuki Lubaawo. Waliobaki walishikiliwa Namugongo karibu juma zima wakati kuni zikikusanywa, wakauawa siku ya Alhamisi, ambayo mwaka huo ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Habari hizo zina uzito katika maandalizi, si katika ibada peke yake. Katika msafara wa mwaka 1886 aliyeshindwa kutembea aliuawa. Msafara wa hija unaomwacha nyuma mwenye miguu iliyochubuka, au unaomlazimisha bibi wa miaka 65 akimbizane na vijana, umeshika njia ya mashahidi lakini umefuata mwendo wa wauaji wao. Kipimo cha kundi lililojiandaa ni kwamba mtu wake wa mwisho anafika akiwa mzima, anatembea mwenyewe, na bado ana nguvu ya kusali. Jambo hilo halipatikani kwa ari ya njiani, bali huamuliwa wiki nyingi kabla, pale viongozi wa kundi wanapoketi na kalenda.

Uamuzi wa kwanza, na ulio mkubwa kuliko yote, ni tarehe ya kuondoka, nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufika. Kundi la kawaida, lenye wazee na vijana, hutembea kilomita nne kwa saa likiwa barabarani, na huweza kwenda kilomita 25 kwa siku bila kujidhuru, ilhali kundi lenye wazee wengi lihesabu 20. Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 190, yaani siku nane za mwendo, ambazo zinapaswa kuongezewa siku moja ya kupumzika katikati na siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua au ugonjwa. Atakayefika jioni ya tarehe 1 Juni, ili apate usiku mmoja wa kulala na siku moja ya kutulia kabla ya misa kuu, anatakiwa kuvuka mpaka tarehe 23 Mei. Kutoka Mutukula kupitia Masaka ni kilomita 230 hivi, kwa hiyo kundi la Kagera livuke si baada ya tarehe 21 Mei. Makundi mengi huondoka siku mbili tatu baadaye kuliko inavyofaa, kwa sababu za kazi na za nauli, na hapo ndipo madhara yote mengine yanapoanzia: siku inakuwa ya kilomita 35, jua linazama kabla ya kituo, watu wanatembea gizani, maji yanatekwa popote yanapoonekana, na aliyepata lengelenge siku ya pili anaendelea nalo mpaka linageuka kidonda. Asiyeweza kupata siku hizo zote kazini ana njia ya halali na ya heshima, nayo ni kupanda gari hadi Jinja au Masaka na kuanza kutembea kutoka hapo. Hija fupi iliyotembewa kwa utulivu ni bora kuliko ndefu iliyokimbiwa.

Siku yenyewe ya mwendo ipangwe kwa kufuata jua. Karibu na ikweta kunapambazuka saa 12 na nusu asubuhi au baada ya hapo kidogo, na giza huingia mapema baada ya saa 1 jioni. Kundi linaloanza kunapopambazuka na kutembea hadi saa 5, kwa vituo vifupi vya dakika kumi kila baada ya saa moja, hupata kilomita 16 au zaidi kabla ya joto kali. Kisha lipumzike kivulini hadi saa 9 alasiri, na kumalizia kilomita nane za mwisho ili lifike linapolala saa 11 jioni, kukiwa bado na mwanga wa kufua soksi na kutazama miguu. Wapo wanaopendelea kutembea usiku ili kukwepa jua, na sababu yao inaeleweka, lakini zoea hilo linafaa kuachwa kabisa. Barabara za Busia–Kampala na Masaka–Kampala ndizo njia kuu za malori ya mizigo yaendayo na kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kingo zake katika sehemu nyingi ni nyembamba, na dereva aliyeendesha tangu asubuhi hamwoni mtu aliyevaa nguo nyeusi mpaka amemfikia.

Magari nchini Uganda hupita kushoto, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Anayetembea kwa miguu, kwa hiyo, atembee upande wa kulia wa barabara, nje ya lami, ili magari ya upande wake yawe yanamjia usoni na si kumtokea mgongoni. Mahujaji wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, watakuwa wamezoea kutembea kushoto, na kiongozi wao anapaswa kuwakumbusha mara wanapovuka mpaka. Kundi litembee kwa safu moja, au mbili pale tu ukingo unapokuwa mpana. Mtu wa kwanza na wa mwisho wavae vizibao vya kuakisi mwanga, na huyo wa mwisho awe mtu mzima mwenye simu, filimbi na mamlaka ya kusimamisha kundi zima. Mbele asiwekwe kijana mwenye nguvu kuliko wote, bali mmoja wa wale wanaokwenda taratibu, kwa maana anayetangulia ndiye anayeamua mwendo wa wote hata asiposema neno. Nyimbo zinazoimbwa kwa spika kubwa huchangamsha, lakini huziba masikio ya watu wanaotakiwa kusikia pikipiki ya bodaboda ikija kutoka nyuma, kwa hiyo ni heri ziachwe kwa ajili ya vituo na vijijini.

Miguu ndiyo inayostahili maandalizi marefu kuliko kitu kingine chochote, na maandalizi hayo huanza si chini ya wiki nane kabla ya safari. Mtu asiyezoea kutembea aanze na kilomita tano, mara tatu kwa wiki, akiongeza kidogo kidogo mpaka aweze kutembea kilomita 20 siku ya Jumamosi na, jambo lililo muhimu zaidi, kuamka Jumapili na kutembea nyingine 15, kwa kuwa kinachowashinda wengi si siku ya kwanza bali asubuhi ya pili, misuli ikiwa imekaza. Viatu vya safari ndivyo vitumike katika mazoezi hayo. Raba nyepesi yenye soli nene, iliyo kubwa kidogo kuliko saizi ya kawaida kwa sababu mguu huvimba baada ya saa kadhaa za mwendo, humfaa mtu kuliko kiatu kipya cha ngozi alichonunua kwa ajili ya sikukuu, na ndara za kubadilisha jioni ni sehemu ya lazima ya mzigo. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kulainisha ngozi, kwa hiyo soksi za sufu nyembamba au za nyuzi za viwandani ni bora, na ziwe jozi tatu ili moja iwe kavu daima. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka siku mbili tatu kabla ya kuondoka, si usiku wa kuamkia safari.

Lengelenge, yaani uvimbe wenye maji unaotokea ngozi inaposuguliwa kwa muda mrefu, hutanguliwa na dalili ambayo kila hujaji anapaswa kuifahamu: mahali fulani kwenye kisigino au kidole huanza kuchoma kama pameguswa na moto. Hapo ndipo pa kusimama, si kilomita tatu mbele, mtu avue kiatu, akaushe mguu, apake mafuta ya mgando na kubandika plasta kabla ngozi haijapanda. Likishatokea, lengelenge dogo lisiguswe bali lifunikwe. Lililo kubwa na linalouma kwa kila hatua linaweza kutobolewa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yakakamuliwa taratibu, na ngozi ya juu ikaachwa mahali pake kama kifuniko, kwa sababu kuibandua ndiko kunakoleta usaha. Mwenye kisukari hapaswi kujitoboa hata kidogo, naye akague nyayo zake kila jioni au amwombe mwenzake amkagulie, kwani ugonjwa huo hufisha ganzi na mtu anaweza kutembea siku nzima juu ya jeraha asilolisikia.

Baadhi ya mahujaji huweka nadhiri ya kutembea pekupeku, na nia hiyo ya toba isidharauliwe. Hata hivyo lami ya saa 7 mchana huunguza nyayo, kingo za barabara zimejaa vipande vya chupa na vyuma, na aliyekatwa siku ya tatu huwa mzigo kwa wenzake siku zote zinazobaki. Aliyeweka nadhiri ya namna hiyo anaweza kushauriana na padri wake ili aitimize katika sehemu ya mwisho, ndani ya uwanja wa Namugongo kwenyewe, ambako ardhi ni salama zaidi na mwendo ni mfupi.

Mzigo mgongoni usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, yaani mtu wa kilo 60 abebe kilo sita, maji yakiwemo. Ndani yake panatosha nguo mbili za kubadilisha, shuka au kanga mbili, koti jepesi la mvua kwa kuwa masika ya kusini mwa Uganda huwa bado hayajaisha mwishoni mwa Mei, chandarua, tochi, sabuni, taulo za hedhi kwa wanaozihitaji, dawa binafsi na kofia pana. Blanketi nene na sufuria ziende kwa gari la kundi kama lipo.

Kuhusu maji, mtu anayetembea juani anahitaji lita tatu hadi nne kwa siku, anywe kidogo kidogo tangu alfajiri bila kusubiri kiu. Maji ya chupa yanapatikana katika miji yote ya njiani, lakini kati ya mji na mji hujaji hukutana na visima na mabomba ya vijijini, na maji ya huko yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Anayeharisha apewe mara moja maji ya chumvi na sukari, ambayo hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi kipimo huleta madhara, kwa hiyo mmoja wa kundi awe na kijiko maalumu kwa kazi hiyo. Anayeacha kutokwa jasho, anayechanganyikiwa au kuzimia juani hana haja ya ushauri wa njiani bali ya kivuli, maji ya kumpoza mwilini na gari la kumpeleka hospitali. Kuoga au kutia miguu katika maji yaliyotulia ya ufuko wa Ziwa Viktoria kunavutia baada ya mwendo mrefu, lakini huko kuna kichocho, ugonjwa wa vijidudu vinavyopenya ngozi isiyo na jeraha.

Malaria inastahili tahadhari zaidi kuliko inavyopewa. Kusini mwa Uganda huambukiza mwaka mzima, na mtu anayeishi Nairobi au katika nyanda za juu zenye baridi huenda hana kinga aliyokuwa nayo alipokuwa kijijini utotoni. Kabla ya safari aonane na daktari kuhusu dawa za kuzuia, ambazo baadhi yake huanza kumezwa siku kadhaa kabla ya kusafiri, na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata pale wenyeji wanaposema hapana mbu. Chakula cha njiani kinatosha na si ghali: matoke, mihogo, maharage, ndizi za gonja za kuchoma, na chapati iliyoviringishwa na mayai ambayo Waganda huiita roleksi. Kilicho moto kutoka jikoni kinafaa, kilicholala kwenye sinia tangu asubuhi kiachwe.

Hati za kusafiria zikaguliwe mwezi mmoja kabla. Raia wa Kenya na wa Rwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji, na watoto wawe na hati zao pamoja na idhini ya wazazi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mipakani. Chanjo hiyo huanza kukubalika siku kumi baada ya kuchomwa, na dozi moja hutambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo aliyeichoma miaka ya nyuma atafute tu kadi yake. Fedha zibadilishwe katika benki au duka lenye leseni, na si kwa vijana wanaomzunguka mtu mwenye mizigo.

Malazi hupatikana hasa katika parokia, kwenye kumbi na madarasa ya shule za kanisa, na utaratibu wenye heshima ni kiongozi kuwaandikia au kuwapigia maparoko wa vituo vyote mwezi mmoja au miwili kabla, akitaja idadi ya wanaume, wanawake na watoto, na kundi kubeba barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wake. Ukarimu wa Waganda kwa mahujaji, ambao wao huwaita abalamazi, ni mkubwa, na watu wa vijijini huleta maji na ndizi bila kuombwa. Ukarimu huo usigeuzwe deni la wenyeji. Kundi lifagie palipolala, lichangie kuni na maji, liache vyoo vikiwa safi, na wajumbe wake wajifunze walau kusema gyebale kwa salamu na webale kwa shukrani, wakiongeza ssebo kwa mwanamume na nnyabo kwa mwanamke, kwa sababu Kiswahili hakieleweki kila mahali katika Buganda na anayeanza na salamu ya mwenyeji hupokewa kwa namna nyingine kabisa.

Njia ya mashariki hupita Bugiri, Iganga na Jinja, ambako huvuka mto Nile, kisha Lugazi na Mukono. Mwenye siku moja ya ziada anaweza kushuka kusini ya Iganga hadi Kyando, katika wilaya ya Mayuge, mahali panapohusishwa na kifo cha Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana, aliyeuawa Oktoba 1885 baada ya kutembea kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai. Kwa mahujaji wa Kenya hapo pana maana ya pekee, kwa sababu yeye alikuwa ameshika njia ileile ya mashariki. Sehemu inayohitaji mpango ni msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Lugazi, ambapo barabara imebanwa na miti pande zote mbili, malori ni mengi na mahali pa kusimama ni pachache. Kundi lilale karibu na msitu na kuuvuka wote asubuhi, likiwa limeshikana, wala lisiwalishe nyani wa kandokando ya barabara. Baada ya Mukono hakuna haja ya kuingia Kampala, kwa kuwa Namugongo iko upande huo huo wa jiji, na wenyeji wa parokia wataonyesha njia za ndani zenye magari machache.

Njia ya kusini, kutoka Mutukula, hupitia Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe na Mpigi. Kati ya Lukaya na Kayabwe pana Lwera, bonde la kinamasi lisilo na kivuli ambalo barabara hulipita kama tuta kati ya maji na matete, na mwezi Mei 2023 mafuriko yaliharibu njia penye mto Katonga hata magari yakazuiwa. Anayeongoza kundi aulize hali ya sehemu hiyo akiwa Masaka na aianze kunapopambazuka. Kayabwe ndipo barabara inapokata ikweta, mahali pa kupumzika kwa haki. Kinachoipa njia hii ubora ni mwisho wake, kwani huingia Kampala kwa Busega, walipouawa vijana watatu Waanglikana tarehe 31 Januari 1885, mashahidi wa kwanza kabisa, na kutoka hapo hujaji anaweza kwenda Munyonyo, alale, kisha siku ya mwisho atembee kwa kufuata vituo vya Ttaka Jjunge, Nakivubo na Lubaawo. Hakuna siku nyingine ya hija hii inayofundisha kiasi hicho, na kundi lenye wagonjwa ni heri lipunguze kilomita za awali kwa gari kuliko kuikosa.

Sala nayo ipangwe, kwa sababu uchovu huiua mapema kuliko inavyodhaniwa. Utaratibu unaofaa ni masifu mafupi kabla ya kuondoka, saa ya kwanza ya mwendo katika kimya bila simu, rozari au zaburi katika saa ya pili watu wakiwa bado na pumzi, na mazungumzo huru baadaye. Kitubio, kwa Wakatoliki, kifanyike nyumbani au katika parokia ya njiani, kwa kuwa foleni za Namugongo siku ya mkesha ni ndefu mno.

Namugongo kwenyewe kuna vituo viwili vilivyo jirani, na hujaji aliyetembea siku zote hizo asiondoke bila kuviona vyote. Basilika ya Wakatoliki, iliyotabarukiwa mwaka 1975 na kujengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda juu ya nguzo 22, iko mahali shahidi Karoli Lwanga alipochomwa peke yake, na Papa Paulo VI alifika hapo mwaka 1969, akafuatwa na Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015. Kituo cha Waanglikana kiko Nakiyanja, mahali palipowashwa moto mkubwa uliowaunganisha vijana wa madhehebu yote mawili. Kwa sababu hiyo ni kasoro kubwa kwa kundi la Wakatoliki kutopita hapo, na kwa Waanglikana kutofika basilika. Siku ya tarehe 3 Juni polisi hukagua kila mtu mlangoni, kwa hiyo visu, chupa za kioo na mizigo mikubwa viachwe penye malazi. Kundi lichague mapema mahali pa kukutania panapoonekana kwa mbali, kwa kuwa mtandao wa simu hulemewa, na kila mtoto awe na kikaratasi chenye namba ya simu ya mzazi ndani ya nguo yake. Watoa huduma ya kwanza wa Msalaba Mwekundu huwa uwanjani. Maji yanayotekwa katika ziwa dogo lililo chini ya basilika hubebwa nyumbani kwa ibada, nayo yatumike kwa kunyunyizia na kubariki. Atakayetaka kuyanywa ayachemshe.

Kurudi kusitembewe. Basi la kurudi lilipwe kabla ya kuondoka nyumbani, maana jioni ya tarehe 3 vituo vya Kampala hujaa na nauli hupanda, na ni busara zaidi kulala usiku mmoja na kusafiri tarehe 4, mtu akisimama na kunyoosha miguu katika kila kituo cha basi ili isivimbe. Anayevuka kwenda Kenya, Tanzania au Rwanda ahamishe zawadi zake kutoka kwenye mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku katika nchi hizo, kabla ya kufika kwa maofisa wa forodha. Dawa ya kuzuia malaria iendelee kumezwa kwa siku zote alizoelekeza daktari, na yeyote atakayepata homa, kichwa au baridi katika wiki kadhaa baada ya kurudi aende kupimwa siku hiyo hiyo na kumweleza mganga kwamba alikuwa Uganda; kiongozi wa kundi awapigie simu wenzake wote wiki mbili baadaye kuuliza hali zao, akianza na wale waliokuwa wakifika nyuma.